Uhai wa Muoshaji na Maji ya Maiti

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mmoja wa walimu wetu wa madrasa mbele ya waumini wa Bukoba na Muleba. Tumeichapa kwa ombi la maimamu wa misikiti ya vijijini na visiwani ambao hawakuweza kuhudhuria.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), Muumba wa mauti na uhai. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake, swahaba zake na wote waliofuata mwenendo wake kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wazee wangu, na mama zangu mlioko nyuma ya pazia, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimetakiwa nizungumze juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu na nafasi yake katika maadili ya tiba. Ni mada pana. Maulamaa wa zama zetu wameiandikia vitabu vinene: kupandikiza viungo, kuharibu mimba, mgonjwa anayepumua kwa mashine, na mengineyo. Yote hayo yana mahali pake. Lakini sisi watu wa Kagera tuna swali letu ambalo hatukulitoa kitabuni. Lilitujia mlangoni mwezi Machi mwaka 2023, likatujia tena Januari mwaka 2025. Swali lenyewe ni hili: Muislamu akifa kwa maradhi ambayo maiti yake inaweza kumuua anayeigusa, je, tumuoshe? Na tusipomuosha, tutakuwa tumeacha faradhi, tumemdhulumu maiti, au tumeabudu?

Nitatoa jibu langu mapema, ili mwenye dharura ya kuondoka aondoke nalo. Maiti huyo haoshwi kwa mikono ya jamaa zake. Kumwacha bila ya josho hilo, pale wenye ujuzi wanapothibitisha hatari, ndiyo sharia yenyewe inavyotaka. Anayeng'ang'ania kumuosha akadhani anahuisha Sunna, huyo ameiacha Sunna nyuma ya mgongo wake. Sasa tuingie katika ushahidi.

Yaliyotufika

Tarehe 21 Machi 2023, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bi. Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika Wilaya ya Bukoba ni Marburg. Kata zilizotajwa ni Maruku na Kanyangereko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa maradhi hayo kuthibitishwa nchini. Taarifa za kitaalamu zilionyesha pia kuwa njia ya ugonjwa ule ilipitia Goziba, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilicho katika Wilaya ya Muleba. Kwa hiyo asije mtu wa Muleba akasema hilo lilikuwa la watu wa Bukoba. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni 2023, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Miongoni mwa waliofariki alikuwamo mtumishi wa afya. Zaidi ya watu 200 waliowakaribia wagonjwa walifuatiliwa siku hadi siku.

Haikupita miaka miwili. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko mwingine, safari hii Biharamulo, katika mkoa wetu huu huu. Ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, walihesabiwa watu 10: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa kwa dalili na mazingira yao. Wote kumi walifariki. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun.

Virusi vya Marburg vilitambuliwa kwanza mwaka 1967 huko Ujerumani na Belgrade, kwa watu waliokuwa wakifanya kazi na nyani wadogo waliosafirishwa kutoka Uganda. Makazi yake ni miili ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni, na popo wenyewe hawaugui. Majirani zetu wanavifahamu vizuri. Huko Durba, mashariki ya Kongo, wachimbaji wa dhahabu waliugua kati ya mwaka 1998 na 2000, na katika wagonjwa 154 walikufa 128. Vikishaingia kwa mwanadamu, hupita kutoka mtu hadi mtu kwa damu, matapishi, choo, jasho na majimaji mengine ya mwili. Dalili hutokea baina ya siku 2 na siku 21. Na hapa ndipo penye mada yetu: mgonjwa akifa, virusi havifi naye saa ile ile. Maiti ndiyo iliyobeba virusi kwa wingi mno, na josho ni kazi ya kugusa, kugeuza, kukamua tumbo na kumwaga maji.

Tusidhani hili ni la kwetu tu. Guinea ni nchi ya Waislamu wengi. Ilipopatwa na Ebola, ambayo ni ndugu wa Marburg, Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilikadiria mwezi Agosti mwaka 2014 kuwa asilimia 60 ya wagonjwa walihusiana na shughuli za maziko. Watu wema, wenye mapenzi na wazazi wao, walitoka msibani wakiwa wamebeba kifo kingine.

Nafsi moja ina uzito gani?

Allah (S.W) ametufahamisha katika Suratul Maidah, aya ya 32, kwamba mwenye kuiua nafsi moja pasipo haki ni kama ameua watu wote, na mwenye kuiokoa ni kama amewaokoa watu wote. Angalieni kwamba aya imetaja nafsi. Haikusema nafsi ya tajiri au ya kijana, wala haikutoa bei. Katika hesabu za wanadamu watu kumi ni zaidi ya mmoja, lakini katika mizani ya aya hii huyo mmoja amejaza kitanga peke yake.

Na katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imo habari ya Sahl bin Hunayf na Qays bin Saad (R.A), waliposimama kwa jeneza lililopita mbele yao huko Qadisiyya. Wakaambiwa kuwa huyo si Muislamu. Wakajibu kwamba Mtume (S.A.W) alisimama lilipopita jeneza la Yahudi, na alipoambiwa hivyo aliuliza kama ile haikuwa nafsi. Nawakumbusha hili kwa sababu katika mkoa wetu ukoo mmoja una Waislamu, Wakatoliki na Walutheri, na msiba wa mmoja ni wa wote. Muuguzi anayeingia wodini kumsafisha mzee wetu huenda si wa dini yetu. Uhai wake nao uko ndani ya aya ile. Hatuna haki ya kumficha mgonjwa wetu dalili zake ili apokewe haraka, kisha muuguzi yule aambukizwe kwa uongo wetu.

Maulamaa wa usul wamesema sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Dini imetangulizwa. Basi hapa hutokea mtu akasema: "Josho ni dini, uhai ni nafsi, na dini iko mbele, tuoshe!" Hoja hii huwapendeza vijana wenye hamasa, nami nimeisikia kwa masikio yangu. Lakini haikusomwa mahali pake. Kulinda dini kwa maana ile ni kulinda asili yake isiondoke katika ardhi. Haina maana kwamba kila tendo la ibada, hata lenye badala, linatangulizwa mbele ya roho ya mtu.

Sikilizeni maneno ya Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 660 Hijria. Katika kitabu chake cha Qawaidul Ahkam ameeleza kuwa kuwaokoa wanaozama kunatangulizwa mbele ya kuswali swala kwa wakati, kwa sababu swala inaweza kulipwa, na roho ikishatoka hailipwi. Akasema pia kuwa aliyefunga Ramadhani akimwona anayezama, naye hawezi kumwokoa ila kwa kufungua, basi na afungue amwokoe.

Sisi tunaokaa kando ya ziwa hatuhitaji sherehe ndefu ya maneno haya. Wazee hapa wanaikumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wetu waliopotea karibu na Mwanza. Na sote tunakumbuka asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka majini hapa karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, na 19 walifariki. Je, kama mvuvi mmojawapo angekuwa anajiandaa na swala ya Dhuha, yuko mtu hapa ambaye angemwambia aendelee na rakaa zake?

Basi anayeosha maiti yenye Marburg anawatia majini watu wa nyumba yake, na hana mtumbwi wa kuwafuatia.

Maji yaliyoua

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, maana Mtume (S.A.W) alikwisha kuhukumu katika jambo hili wakati wa uhai wake.

Amesimulia Jabir (R.A), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba walikuwa safarini, mwenzao mmoja akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akaota, akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwoni na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W) alikasirika mno. Akasema kuwa wao ndio waliomuua, akawaapiza, na akauliza kwa nini hawakuuliza pale walipokuwa hawajui.

Tafakarini, ndugu zangu. Watu wale hawakuwa maadui. Walikuwa swahaba, na nia yao ilikuwa swala ya mwenzao isiharibike. Hawakumpiga wala hawakumnywesha sumu. Walimpa fatwa tu. Mtume (S.A.W) akaiita fatwa ile mauaji. Mimi kila nikipita kwenye hadithi hii darasani mwili hunisisimka, kwa sababu sisi walimu na maimamu ndio tunaoulizwa usiku wa msiba, watu wakiwa wamechoka na wanalia, na neno letu moja linaweza kuwaingiza watu sita chumbani kwa maiti.

Kinyume cha wale ni Amr bin Al-Aas (R.A). Katika vita vya Dhatu Salasil, mwaka wa 8 Hijria, alipatwa na janaba katika usiku wa baridi kali. Maji yalikuwapo. Akahofia akioga atakufa, akatayamamu, akawaswalisha wenzake Alfajiri. Waliporudi wakamshitaki. Mtume (S.A.W) alipomuuliza, alijitetea kwa aya ya 29 ya Suratun Nisaa, ambayo Allah (S.W) anatukataza kujiua na kutukumbusha kuwa Yeye ni mwenye kuturehemu. Mtume (S.A.W) akacheka, wala hakumwambia neno.

Mmoja alipewa maji akafa, na waliompa wakaapizwa. Mwingine aliyaacha maji akaishi, na Mtume akacheka.

Huenda mtu akasema hayo ni ya aliye hai kujihofia nafsi yake, na sisi tunazungumza juu ya maiti. Jibu liko kwa Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Al-Majmuu. Amesema maiti asiyeweza kuoshwa, kwa kukosa maji, au kwa kuwa ameungua kiasi kwamba akioshwa ataporomoka, huyo hutayamamishwa, na tayamamu hiyo ni wajibu. Kisha akaongeza mfano wa aliyeumwa na mdudu wa sumu: ikiwa atamomonyoka kwa kuoshwa, au ikahofiwa kwa muoshaji, atatayamamishwa. Ikahofiwa kwa muoshaji! Imamu huyu aliandika haya zaidi ya miaka 600 kabla ya virusi kuonekana katika darubini. Hakusubiri Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo anayetuambia kuwa kuacha josho ni mambo ya wazungu, na afungue vitabu vya madhehebu anayoyafuata.

Na wala tusiikimbilie ruhusa hii mahali isipo pake. Hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na hofu ilikuwa kubwa kuliko elimu. Aliyekufa kwa UKIMWI anaoshwa. Muoshaji avae glavu, afunike vidonda vyake, na josho liende kama kawaida. Kumnyima josho kwa hofu tupu ni dhulma. Mwenye kutofautisha baina ya maradhi haya na yale ni tabibu. Kazi yetu ni kumuuliza, kisha kuteremsha hukumu juu ya jawabu lake.

Yanayosemwa misibani

Linasemwa kuwa maiti akizikwa bila ya josho amevunjiwa heshima. Ni kweli kuwa maiti ana heshima, Mtume (S.A.W) amefananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai. Lakini josho si kipimo cha utukufu. Mashahidi wa Uhud, na miongoni mwao Hamza (R.A), walizikwa na damu zao bila ya kuoshwa. Musab bin Umayr (R.A) sanda yake ilikuwa fupi: wakifunika kichwa, miguu inatoka, wakafunika kichwa na miguu wakaiwekea majani. Ni nani leo katika sisi mwenye heshima mfano wa hao?

Na aliyekufa kwa tauni, naye akiwa mwenye subira na kutaraji malipo, Mtume (S.A.W) amembashiria ujira wa shahidi. Mafakihi wameeleza kuwa shahidi wa namna hii, tofauti na wa vitani, hukumu yake ya asili duniani ni kuoshwa na kuswaliwa. Ndiyo maana tunahitaji tayamamu kwa ajili yake, na ndiyo maana hatusemi tu kuwa ni shahidi tukampeleka kaburini.

Linasemwa pia kuwa hakuna maradhi yanayoambukiza, kwa kuwa hadithi imekanusha. Hadithi ipo, nayo ni sahihi. Lakini aliyeisema ndiye aliyekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka penye ngamia wazima. Ndiye aliyemtumia salamu mtu mwenye ukoma wa ujumbe wa Thaqif kwamba baia yake imekubaliwa na arejee. Kilichokanushwa ni itikadi ya watu wa zama za ujahilia kuwa maradhi yana nguvu ya kujiendea yenyewe nje ya mapenzi ya Allah. Sababu hazikukanushwa.

Na qadari? Umar (R.A) alipofika Sargh, akielekea Sham, akaambiwa kuna tauni, alirudi na jeshi. Abu Ubayda (R.A) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah, naye akajibu kuwa wanaikimbia qadari ya Allah kuiendea qadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A) na hadithi ya kutoingia penye tauni wala kutoka humo kwa kuikimbia. Baadaye tauni ile ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, ilimchukua Abu Ubayda, ikamchukua Muadh bin Jabal (R.A). Uongozi ulipomfikia Amr bin Al-Aas, yule yule wa usiku wa baridi, aliwaambia watu kuwa maradhi haya huwaka kama moto, watawanyike milimani. Wakatawanyika, na Allah akayaondoa. Umar hakulichukia alilolifanya.

Kwetu, ndugu zangu, kutawanyika kunagusa mila yenye mizizi. Mtu wetu akifa Goziba au Mwanza tunataka alale kibanjani kwake, chini ya migomba, karibu na makaburi ya babu zake. Safari hiyo ya maiti, ndani ya mtumbwi au gari lililojaa ndugu, ni hatari kuliko josho. Sunna ni kuharakisha maziko, na ardhi yote ni ya Allah. Azikwe alipofia.

Silichukulii jambo hili kwa wepesi. Mtoto wa kiume kumuosha baba yake ni haki ya mwisho anayoweza kumlipa, na binti kumuosha mama yake ni hivyo hivyo. Kumwambia asimame mbali atazame watu waliovaa mavazi ya ajabu wakimbeba mzazi wake ni kumuumiza. Anayewaambia wafiwa hukumu hii na aiseme kwa sauti ya chini, akae nao, na awafahamishe kuwa Allah (S.W) hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Na wataalamu nao wajue kuwa heshima si pambo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maziko salama na yenye heshima mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, liliwashirikisha watu wa dini, na tayamamu ya maiti wa Kiislamu imetajwa humo. Awali, pale miili ilipochukuliwa bila ya maelezo, watu walificha wagonjwa na kuzika usiku. Anayetaka watu watii, awaeleze ukweli mapema, hata kama ukweli wenyewe unaitia serikali aibu.

Dawa iliyo katika majaribio

Liko jambo la pili, nitalipitia haraka. Wakati wa mlipuko wa mwaka 2023 hapakuwa na chanjo wala dawa ya Marburg iliyokwisha kuidhinishwa. Wagonjwa walisaidiwa kwa maji, chumvi za mwili, na kutibiwa kila dalili, na watatu Allah akawaponya. Rwanda ilipofikwa na mlipuko uliotangazwa tarehe 27 Septemba 2024, ilitumia dawa na chanjo zilizokuwa katika majaribio. Wagonjwa walikuwa 66, wengi wao watumishi wa afya, na walikufa 15. Milipuko mingine imewahi kuua zaidi ya wanane katika kila kumi.

Basi wapo wanaouliza kama ni halali Muislamu kujaribiwa. Sharti la kwanza ni idhini yake, aliyopewa baada ya kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, Kihaya ikibidi. Saini ya mtu asiyejua alichosaini haina uzito. La pili, anayetibu awe mjuzi, maana Mtume (S.A.W) amembebesha dhamana anayejitia utabibu bila ya kujulikana nao. La tatu, asiachwe mtu bila ya kinga iliyokwisha kujulikana kwa ajili tu ya kulinganisha.

Mfano mwema wa hilo la tatu uko Muleba. Mwaka 2015 vijiji vya wilaya hiyo viligawiwa vyandarua kwa utafiti. Wengine walipata vya kawaida, na wengine vyenye kiungo cha ziada kiitwacho PBO kinachovunja usugu wa mbu dhidi ya dawa. Hakuna waliofanywa wa kulinganisha kwa kulala bila ya chandarua. Baada ya miezi tisa, watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29 kwa walio na vyandarua vipya na asilimia 42 kwa wenye vya kawaida. Matokeo yalichapwa mwaka 2018, na vyandarua vya aina hiyo leo vinagawiwa katika nchi nyingi za Afrika. Watoto wa Muleba wamewafaa watoto wasiowajua.

Namna ya kufanya

Nimalizie kwa utaratibu, maana maimamu wameniomba.

Mtu akifa na dalili za homa kali, kutapika, kuharisha au kutoka damu, wakati mlipuko umetangazwa au unadhaniwa, asiguswe na yeyote. Hata macho yake yasifumbwe kwa mkono mtupu. Taarifa ipelekwe kituo cha afya, na jamaa wakae nje wamuombee.

Wanaomhudumia wakiweza kutayamamisha, mmoja wao aliye Muislamu, akiwa ndani ya mavazi ya kinga, apige vumbi safi kwa glavu zake, apanguse uso wa maiti kisha mikono yake. Wakisema mwili umekwisha kufungwa katika mfuko na haufunguliwi, basi tusigombane nao. Hapa mafakihi wamekhitalifiana. Wapo katika madhehebu yetu walioshurutisha tohara kabla ya swala ya jeneza, na wapo waliosema lisilowezekana huporomoka pamoja na shuruti yake, na lililowezekana hubaki. Ninaloliona mimi ni hili la pili, kwa kuwa Allah (S.W) ametuamrisha kumcha kiasi cha uwezo wetu: apangusiwe juu ya mfuko ikiwezekana, isipowezekana aswaliwe hivyo hivyo. Mfuko unaositiri mwili wote umetosheleza wajibu wa sanda. Ikiwezekana kuuzungushia kitambaa cheupe kwa mikono ya wenye kinga, ni vizuri.

Swala isimamishwe kwa umbali wanaouelekeza wataalamu, hata kwa watu watatu. Waliokosa wasione wamenyimwa. Yule aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume alizikwa usiku bila ya Mtume (S.A.W) kuarifiwa, naye alipojua alilikwenda kaburi akaswali hapo. Mlipuko unapotangazwa kwisha, baada ya siku 42 bila ya mgonjwa mpya, jamaa waende kaburini wakaswali.

Waliopona warudi safuni. Wakishapimwa na kuruhusiwa, kuwatenga ni kuwaadhibu kwa neema ya Allah. Mwanamume aulize tabibu juu ya unyumba kabla ya kurejea kwa mkewe, kwani virusi hukaa katika manii muda mrefu baada ya kupona, na hilo lisionewe haya.

Mwisho, nimewaomba maimamu kila msikiti utoe wanaume wawili na wanawake wawili, wenye afya na wenye kujua tayamamu na swala ya jeneza. Majina yao yapelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Bukoba na Muleba, wakaombewe mafunzo ya kuvaa na kuvua mavazi ya kinga pamoja na vikosi vya maziko. Kuvua ni kugumu kuliko kuvaa, na wengi huambukizwa hapo. Wanawake wasisahauliwe, ili maiti wa kike asikosekane wa kumtayamamisha. Misikiti ya visiwani ianze kwanza, kwa kuwa boti la wataalamu huchelewa kufika huko. Majina yakusanywe baada ya swala ya Ijumaa ijayo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.